Siku Kubwa za Pittsburgh Pirates, na Ile Iliyopita Kimyakimya

Klabu ya besiboli ya Pittsburgh Pirates imetwaa ubingwa wa Marekani mara tano: 1909, 1925, 1960, 1971 na 1979. Tangu hapo haijakanyaga fainali. New York Yankees wana mataji 27, kwa hiyo anayepima klabu kwa makombe hana sababu ya kukawia Pittsburgh. Mimi nimeishi katika mji huu muda wa kutosha kuambukizwa ushabiki wake pamoja na uchungu wake, na nina maoni ambayo wenzangu wa hapa huyapokea kwa kukunja uso: siku kubwa kuliko zote katika historia ya klabu hii si ile ya Oktoba 1960 ambayo kila mtu anaisimulia, bali ni jioni moja ya Septemba 1971 ambayo nusura ipite bila mtu kuitambua.

Kwa wasomaji ambao hawajawahi kuutazama mchezo huu, niseme kwamba aliyecheza raunda katika shule ya msingi nchini Kenya ana nusu ya kanuni kichwani tayari. Mrushaji anarusha mpira, mpigaji wa timu pinzani anaupiga kwa gongo, kisha anakimbia kuzunguka besi nne. Akirudi alikoanzia, timu yake imepata pointi. Wapigaji watatu wakishatolewa, zamu hubadilishwa, na pande zote mbili zikishapata zamu zao awamu moja imekwisha. Mechi ina awamu tisa. Mpira ukipigwa ukavuka ukuta wa mbele ya uwanja, hiyo ni homurani, na mpigaji anazunguka besi zote bila kuguswa na mtu. Jambo la muhimu kuliko yote ni kwamba mechi haina saa. Timu inayoongoza haiwezi kujiangusha chini ili kupoteza dakika. Ni lazima iwatoe wapinzani wote hadi wa mwisho, na hapo ndipo maajabu yanapopata mlango.

Ajabu ya kwanza ninayopenda kuisimulia ni kipigo. Tarehe 26 Mei 1959, mjini Milwaukee, mrushaji wa Pirates aliyeitwa Harvey Haddix aliingia uwanjani akiwa na mafua. Kumaliza awamu tisa bila mpinzani hata mmoja kufika besi ya kwanza ni jambo ambalo warushaji wengi hodari hustaafu bila kulifanya hata mara moja. Haddix alilifanya kwa awamu 12, akawatoa wapigaji 36 mfululizo. Tatizo ni kwamba wenzake, ingawa walimpiga Lew Burdette wa Milwaukee mara kwa mara, hawakuweza kupata hata pointi moja. Katika awamu ya 13, Don Hoak, mlinzi wa besi ya tatu wa Pirates, alirusha mpira vibaya, mpinzani wa kwanza akafika besi, na muda mfupi baadaye Joe Adcock akaupiga mpira ukavuka ukuta. Kwa sababu ya mkanganyiko wa wakimbiaji kwenye besi, matokeo yaliandikwa 1–0. Kana kwamba hiyo haikutosha, mwaka 1991 kamati ya ligi ilibadilisha tafsiri ya rekodi za aina hiyo, na kazi ya usiku ule ikaondolewa katika orodha rasmi. Sijui mchezo mwingine ambamo mtu anaweza kufanya kazi bora kuliko yeyote kabla yake na bado akaandikiwa kushindwa.

Namtaja Haddix kwa sababu alirudi. Mwaka uliofuata Pirates waliingia fainali, ile inayoitwa World Series ingawa dunia yenyewe haialikwi, dhidi ya Yankees. Fainali hiyo huchezwa kwa mechi hadi saba, na anayefikisha ushindi mara nne ndiye bingwa. Yankees walishinda mechi tatu kwa 16–3, 10–0 na 12–0. Pirates walishinda tatu kwa tofauti ndogondogo, kila mara wakiponea chupuchupu, hadi wote wakafika mechi ya saba katika uwanja wa Forbes Field, Alhamisi ya tarehe 13 Oktoba 1960.

Mechi hiyo haikuwa na adabu hata kidogo. Pirates waliongoza 4–0, Yankees wakageuza kibao hadi 7–4. Katika awamu ya nane mpira wa kawaida, uliopigwa na Bill Virdon na ambao ungewatoa Pirates wawili kwa mpigo, uligonga mahali pabaya ardhini, ukaruka na kumpiga Tony Kubek wa Yankees kooni, akalazimika kuondolewa uwanjani. Baadaye Roberto Clemente alipiga mpira hafifu kuelekea besi ya kwanza, lakini mrushaji wa Yankees hakukimbia kuilinda besi hiyo, na Clemente akaiwahi. Kisha Hal Smith, ambaye leo anakumbukwa na wachache, akapiga homurani ya pointi tatu na Pirates wakawa mbele 9–7. Yankees wakasawazisha katika awamu ya tisa, 9–9. Mrushaji aliyefunga mlango baada ya hapo, na ambaye ushindi uliandikwa kwa jina lake, alikuwa Harvey Haddix.

Mpigaji wa kwanza wa Pirates katika nusu ya mwisho ya awamu ya tisa alikuwa Bill Mazeroski, kijana wa miaka 24 aliyesifika kwa mikono yake ya ulinzi kuliko kwa gongo. Saa 9:36 alasiri aliupiga mpira wa pili wa Ralph Terry ukapita juu ya ukuta wa kushoto, huku Yogi Berra akiutazama unavyokwenda. Haijawahi kutokea kabla wala baada ya siku hiyo kwamba mechi ya saba ya fainali imemalizwa kwa homurani. Ukijumlisha mechi zote saba, Yankees walipata pointi 55 na Pirates 27, na aliyechaguliwa kuwa mchezaji bora wa fainali, Bobby Richardson, alikuwa wa timu iliyoshindwa.

Picha kamili za televisheni za mechi hiyo zilidhaniwa kuwa zimepotea, kwani siku zile vituo havikuwa na desturi ya kuhifadhi michezo. Zilipatikana mwishoni mwa mwaka 2009 katika chumba cha kuhifadhia mvinyo nyumbani kwa marehemu Bing Crosby, mwimbaji aliyekuwa mmoja wa wamiliki wa klabu. Wakati wa fainali alikuwa Paris, akihofia kwamba moyo wake usingeustahimili wasiwasi, akaagiza mechi inakiliwe kwenye filamu ili aitazame baadaye.

Forbes Field ilivunjwa na mahali pake pakajengwa majengo ya Chuo Kikuu cha Pittsburgh. Kipande cha ukuta wa matofali bado kimesimama, kimefunikwa na mimea inayotambaa, na mlingoti wa bendera wa enzi zile uko palepale. Kila tarehe 13 Oktoba mashabiki hukusanyika hapo kusikiliza matangazo ya redio ya mwaka 1960, yakianzishwa saa saba kamili mchana ili mpira wa Mazeroski uvuke ukuta dakika ileile uliyovuka. Nimewahi kusimama kati yao. Wazee huja na viti vya kukunja na mikate iliyofungwa kwenye karatasi, wanajua kila neno la mtangazaji kabla hajalitamka, na bado Kubek anapopigwa kooni utawaona wanashika shingo zao. Ni mkutano wa watu wema, nami naufurahia. Hata hivyo, ushindi wa mwaka 1960 ni hadithi ya bahati na ushupavu, na hadithi ya namna hiyo unaweza kuipata katika klabu yoyote yenye subira.

Ili kuelewa kwa nini naupa uzito zaidi mwaka 1971, inabidi urudi nyuma kidogo. Kabla ya mwaka 1947 wachezaji weusi hawakuruhusiwa katika ligi kuu, na Pittsburgh ndiyo ilikuwa makao ya timu mbili kati ya zilizokuwa bora kabisa katika ligi zao wenyewe: Homestead Grays na Pittsburgh Crawfords. Satchel Paige alirusha hapa. Josh Gibson, mdakaji ambaye watu bado wanabishana kuhusu umbali wa mipira aliyoipiga, alizichezea timu zote mbili. Pirates waliposafiri, Grays walikodishiwa Forbes Field. Yaani klabu ilikubali kupokea kodi ya wanaume wale lakini haikuwa tayari kuwasajili. Gibson alifariki Januari 1947, miezi mitatu kabla ya Jackie Robinson, mweusi wa kwanza kuruhusiwa, kuanza kuchezea Brooklyn Dodgers. Mwezi Mei 2024 ligi kuu iliziingiza takwimu za ligi za weusi katika kumbukumbu zake rasmi, na Gibson, kwa wastani wa .372, yaani mapigo 372 yenye mafanikio katika kila majaribio 1,000, akawa mpigaji bora wa nyakati zote, akimpiku Ty Cobb. Ni haki iliyochelewa miaka 77 baada ya kifo chake, na nimeona wapo wanaoilalamikia hata hiyo.

Sasa njoo Jumatano ya tarehe 1 Septemba 1971, katika uwanja mpya wa Three Rivers, mbele ya watazamaji 11,278. Wapinzani walikuwa Philadelphia Phillies, na mrushaji wao, Woodie Fryman, alitumia mkono wa kushoto. Kwa desturi, kocha Danny Murtaugh alipokutana na mrushaji wa kushoto alimweka benchi Al Oliver, ambaye naye alipiga kwa kushoto, akampanga Bob Robertson katika besi ya kwanza. Siku hiyo alimwacha Robertson nje. Orodha aliyoiandika ilikuwa na Rennie Stennett, Gene Clines, Roberto Clemente, Willie Stargell, Manny Sanguillén, Dave Cash, Al Oliver, Jackie Hernández, na mrushaji Dock Ellis. Wote tisa walikuwa weusi: wengine Wamarekani, wengine wa Panama, Puerto Rico na Cuba. Halikuwahi kutokea jambo hilo katika ligi kuu tangu ianze.

Ninachokipenda katika tukio hili ni jinsi lilivyokosa mbwembwe. Hapakuwa na tangazo, hapakuwa na hotuba. Wachezaji wenyewe wameeleza kwamba waligundua mechi ikiwa imekwishaanza, mmoja akimgusa mwenzake na kumwambia aangalie waliomo uwanjani. Magazeti makubwa ya Pittsburgh yalikuwa katika mgomo, kwa hiyo asubuhi yake hapakuwa na ukurasa wa michezo wa kueleza lolote. Mechi yenyewe ilikuwa ya fujo: Ellis hakumaliza hata awamu ya pili, na Pirates walishinda 10–7. Murtaugh alipoulizwa baadaye alijibu kwamba alipanga wachezaji tisa bora aliokuwa nao. Wapo wanaodhani alikuwa anakwepa swali. Mimi naona hilo ndilo jibu zito kuliko lolote ambalo angeweza kulitoa, kwa sababu kwa zaidi ya miaka sitini klabu za ligi hii zilidai kwamba zinapanga wachezaji bora, na dai hilo lilikuwa uongo hadi mzee mmoja mtulivu wa Pennsylvania alipolifanya kuwa kweli bila kulitangaza. Uwanja wa Three Rivers ulilipuliwa Februari 2001, kwa hiyo hapakubaki ukuta wa watu kwenda kuketi na redio.

Timu hiyohiyo ilifika fainali mwezi uliofuata dhidi ya Baltimore Orioles, waliokuwa na warushaji wanne walioshinda mechi 20 au zaidi kila mmoja msimu ule. Pirates walipoteza mechi mbili za kwanza. Hapo ndipo Clemente, akiwa na miaka 37, alipoichukua fainali mikononi mwake. Alipiga kwa wastani wa .414, akapiga homurani katika mechi ya saba, na Steve Blass akarusha mechi hiyo mwanzo hadi mwisho, 2–1. Blass ana kisa chake ambacho sipati kukisahau: mwaka 1972 alishinda mechi 19, na mwaka 1973 akapoteza kabisa uwezo wa kuuelekeza mpira, bila jeraha, bila sababu ambayo daktari yeyote aliweza kuitaja. Hakupona, na hadi leo mrushaji anayepatwa na balaa hilo husemwa ana ugonjwa wa Blass.

Clemente alikuja Pittsburgh kwa uzembe wa wengine. Dodgers walimpa 10,000 za dola kusaini mkataba, wakamweka katika timu yao ndogo ya Montreal bila kumpangia mechi nyingi, na Novemba 1954 Pirates wakamchukua kwa dola 4,000. Waandishi wa michezo wa mjini hawakumtendea wema mapema. Walimwita Bobby bila idhini yake, na maneno yake ya Kiingereza waliyachapisha jinsi lafudhi yake ilivyosikika, ili wasomaji wacheke. Mtu yeyote aliyewahi kuzungumza lugha ya pili mbele ya watu wanaosubiri ateleze anajua maana ya hilo. Kwa hiyo ninapoitazama filamu ya Oktoba 1971, pale alipowekewa kipaza sauti chumba kikiwa kimejaa shangwe, akaomba kwanza awasalimu baba na mama yake kwa Kihispania, na taifa zima likakaa likisubiri amalize, naona mtu anayelipa deni lake kwa utaratibu wake mwenyewe.

Tarehe 30 Septemba 1972, mbele ya watu 13,117 tu, alimpiga Jon Matlack wa New York Mets mpira uliomfikisha besi ya pili, na hilo likawa pigo lake la 3,000. Lilikuwa la mwisho katika msimu wa kawaida. Tarehe 23 Desemba tetemeko la ardhi liliubomoa mji wa Managua, Nikaragua. Clemente alikusanya misaada huko Puerto Rico, na aliposikia kwamba shehena za awali zilikuwa zikiporwa na askari wa Somoza, mtawala wa nchi hiyo, aliamua kusafiri nayo mwenyewe, akiamini kwamba hakuna ambaye angethubutu kuiba mbele yake. Ndege, aina ya DC-7, ilikuwa mbovu na imepakiwa kupita kiasi. Ilianguka baharini muda mfupi baada ya kuruka kutoka San Juan, usiku wa tarehe 31 Desemba. Mwili wake haukupatikana. Rafiki yake Sanguillén hakuhudhuria ibada ya kumwombea, kwa sababu alikuwa majini pamoja na wapiga mbizi, akimtafuta.

Ubingwa wa mwaka 1979 nitaupitia haraka, ingawa najua nitanuniwa. Stargell, ambaye sasa alikuwa na miaka 39, aliwaongoza vijana wake kutoka nyuma mechi tatu kwa moja na kuwashinda Baltimore tena, akapiga homurani iliyoamua mechi ya saba. Baada ya hapo ulianza ukame. Oktoba 1992, mjini Atlanta, Pirates walikuwa wanahitaji kumtoa mpinzani mmoja tu ili wafike fainali. Francisco Cabrera, mchezaji wa akiba, akapiga mpira kwenda kushoto, Barry Bonds akaurusha kuelekea besi ya nne, na Sid Bream, mtu mzito wa magoti mabovu aliyewahi kuwa Pirates mwenyewe, akateleza na kuigusa besi kabla hajaguswa yeye. Bonds akaondoka kwa fedha nyingi zaidi, na klabu ikashindwa zaidi ya ilivyoshinda kwa misimu 20 mfululizo. Kuna watu wazima Pittsburgh waliozaliwa, wakasoma na kuoa bila kuona msimu mmoja mzuri.

Siku ya mwisho ninayotaka kuieleza haimo katika orodha za wenyeji, na mimi ndiyo ninayoitunza. Gift Ngoepe alizaliwa Afrika Kusini mwaka 1990, akalelewa katika chumba ndani ya jengo la klabu ya Randburg Mets, ambako mama yake aliajiriwa kufanya usafi. Uwanja ndio ulikuwa ua wa nyumba yao. Pirates walimsajili mwaka 2008, naye akakaa karibu miaka tisa katika ligi za chini, akisafiri kwa mabasi ya usiku kutoka mji mdogo hadi mji mdogo. Tarehe 26 Aprili 2017 aliitwa, akaingia katika awamu ya nne dhidi ya Chicago Cubs, na mdakaji Francisco Cervelli akamkumbatia palepale uwanjani kabla mchezo haujaendelea. Alikuwa mtu wa kwanza aliyezaliwa na kukulia Afrika kucheza katika ligi kuu. Alipokwenda kupiga kwa mara ya kwanza, aliyekuwa anamrushia ni Jon Lester, bingwa wa fainali tatu. Ngoepe akaupiga mpira ukapita katikati, akafika besi ya kwanza, na uwanja mzima ukasimama.

Takwimu zake za msimu ule ni mechi 28 na wastani wa .222, na mchambuzi asiye na haya atakwambia kwamba huyo ni mchezaji wa kupita. Sibishani na hesabu. Nasema tu kwamba klabu iliyowahi kuwakodisha uwanja Grays huku ikiwafungia mlango, ikaja kuwa ya kwanza kupanga weusi tisa, ndiyo pia iliyokuwa ya kwanza kumpa Mwafrika namba. Mwaka 2023 ilimsajili David Matoma, mrushaji kijana kutoka Uganda, nchi ambayo timu yake ya watoto wa Lugazi, mwaka 2012, ilikuwa ya kwanza kutoka Afrika kucheza fainali za dunia za watoto huko Williamsport, katika jimbo hilihili la Pennsylvania. Matoma alianzishiwa ngazi za chini kabisa, kama Ngoepe alivyoanzishiwa. Mashabiki wa hapa wanamsubiri bingwa tangu mwaka 1979 na subira yao imekwisha zamani. Mimi yangu bado ipo, na ratiba ya timu ndogo ninaifuatilia kila Aprili.